Matanga Yangu Kule Umatengo

Tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Huyu akija kuomba moto anauliza, yule akipita na mtungi anauliza, na kila ninayemsimulia anakwenda kusimulia ya kwake. Juzi nimesikia kwamba eti nilikufa kweli, na Mzee Luambano akanifufua kwa dawa. Ala! Basi nimekaa chini niandike, maana marehemu mume wangu hakunifundisha bure zile herufi alizorudi nazo kutoka Kilwa. Anayejua kusoma awasomee wenzake. Atakayeongeza chumvi, shauri yake.

Msamala, tulipoanzia

Jiko letu mnalijua, lakini huenda karatasi hii ikamfikia mtu asiyenijua, kwa hiyo nitaeleza. Mimi ni Sikitu, mjane. Vita vya maji vilipokwisha, askari walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaingia kila nyumba hapa Songea. Watoto waliobaki bila watu wakaanza kuja kwangu, mmoja mmoja. Sikuwaita. Nilikuwa na chungu, wakaona moshi. Kisha wakaja wajane wenzangu, huyu na mzizi aliouchimba, huyu na majani ya porini, tukawa tunapika katika chungu kimoja, na watoto wanakula kwanza. Watu wakaliita Jiko la Msamala, na mimi wakaniita Mama Jiko.

Mwanzoni mikono ilikuwa mingi. Halafu mmoja akaolewa, mwingine akaenda pwani kutafuta ndugu zake, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba nakula chakula cha yatima. Mimi! Angalieni mbavu zangu jamani. Mbegu tulizokuwa tumezificha kwa ajili ya kupanda tulizipika wakati watoto walipoanza kuvimba miguu. Nani angeziacha?

Ndipo jumbe alipokuja na maneno kutoka bomani. Mvua za kwanza zikishika, kila shamba lazima liwe limepandwa. Shamba letu likikutwa tupu atapewa mtu mwingine, na watoto watagawanywa. Wakubwa waende kazi ya barabara, wadogo wachukuliwe na yeyote anayetaka mtu wa kumtekea maji. Na mapacha wetu wawili wadogo, alisema, si lazima wakae nyumba moja.

Siku ile nilimwambia Hawa, "Mimi basi. Nimechoka. Chungu hiki achukue mwingine."

Hawa ni Myao wa Tunduru. Mume wake alikuwa akifuata misafara ya biashara, akafia huku wakati wa vita, naye akabaki nasi. Anaswali swala zake zote tano, na katikati ya swala na swala ana mdomo ambao sijaona mfano wake.

"Achukue nani?" akaniuliza. "Mimi? Mimi kupika naweza. Kuongoza watu siwezi, nitawatukana wote wakimbie. Twende tukatafute mbegu kwanza, inshallah. Tukirudi utaacha."

Kwa hiyo niliondoka hapa nikiwa mtu anayekwenda kumaliza kazi yake ya mwisho. Hilo sikuwaambia wakati ule, nawaambia sasa.

Mbegu tulisikia zipo Umatengo, kwenye kijiji kimoja cha mlimani ambako moto haukufika. Mzee Luambano akasema atatusindikiza. Mnamjua alivyokuwa: mpiganaji, mrefu, mwenye majivuno, na tangu tushindwe alikuwa hacheki wala hali pamoja na watu. Njia ya Umatengo aliijua vizuri sana, kwa sababu ujanani aliipita na ngao, kwenda kuteka watu na mifugo.

Ndiyo maana sisi Wangoni na Wamatengo tuna utani. Tuliwasumbua, wakajificha milimani, mwisho tukachokana, na kilichobaki ni utani. Mtani atakutukana mbele ya mkwe wako na wewe hukasiriki. Atabeba kuku wako akiwa anakutazama, na humdai. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani ili wafiwa wapate kuvuta pumzi.

Lakini mimi nikaamua kwamba safari hii hakuna utani. Tunakwenda kuomba, na mwombaji mwenye njaa atamtania nani? Tutapiga magoti, tutazungumza kwa heshima, tutashukuru. Mzee Luambano akaafiki mara moja. Hawa akasema yeye ni mgeni kwa mambo yetu, atafuata tutakavyofanya.

Njia ya Maposeni

Tulitoka asubuhi na matenga matupu kichwani. Hata hatujafika Maposeni tukakutana na askari mmoja, mtu wa kutoka mbali, amevaa kofia yake na vifungo vinang'aa. Akatusimamisha. Akatazama matenga, hakuna kitu. Halafu akaona kibuyu kwapani mwa Mzee Luambano.

"Ndani kuna nini?"

"Maji," akasema Mzee.

Lo! Ungedhani amesema nyoka. Yule askari aliruka nyuma akashika bunduki. Mnajua wenyewe, baada ya vita vile na dawa yake ya maji, neno maji si la kutamkia askari, hasa likitoka kwa mzee mwenye makovu.

"Maji ya nini?"

"Ya kunywa, mwanangu. Nina kiu."

"Kunyweni! Yote! Nione!"

Tukanywa. Alisimama pale akitutazama kooni tukipokezana kibuyu, tumbo limejaa mpaka linapiga mawimbi. Tulipomaliza Hawa akafuta mdomo, akamtazama usoni, akasema, "Tumekusahau mwenyewe, bwana mkubwa. Ungelamba hata tone, risasi zisikupate."

Nikamvuta kanga. Yule askari akavimba mashavu. Kisha akatazama kibuyu kitupu, akatutazama sisi watatu na matumbo yetu, akaanza kucheka peke yake, akatuambia tupotee. Tukapotea kweli, mbio. Adhuhuri jua likawa kali na hatuna hata tone la maji, na kila tuliposimama kwa haja ndogo Mzee alimlaani askari, na mimi nikamlaani Hawa.

Maposeni tulilala kwa mwanamke tusiyemjua, aliyetuona tumekaa kando ya njia akatuita. Alikuwa na majani ya maboga na chumvi kidogo tu. Aliomba radhi mara nyingi mpaka ikawa sisi ndio tunambembeleza. Kesho yake akatuonyesha msitu wenye matunda ya masuku yaliyoiva, na hapo ndipo safari ilipokwama, maana Mzee Luambano alikula masuku kama mtu anayelipiza kisasi. Tumbo likamgomea. Siku nzima alikaa chini ya kichaka akiugulia, na Hawa akampikia mizizi ya kila namna, na kila mzizi ulizidisha kelele. Nilikuwa natazama mawingu upande wa magharibi nikihesabu mvua kichwani, na hasira zangu zote nikazimalizia kwa masuku. Yaliyobaki niliyatupa bondeni.

Mto Ruvuma

Mtoni tulikuta mtumbwi uko ng'ambo, na mvushaji amelala kivulini ng'ambo hiyohiyo, miguu tunaiona. Tukaita. Hakujigusa. Mzee akaita kwa sauti ya vita, ndege wakaruka, yule bwana hakujigusa. Hawa akatufanyia ishara tukae pembeni, akajifunga kanga kiunoni, akaanza.

Siwezi kuandika yote, watoto watasomewa hii. Alianza na usingizi wa yule mtu, akaja kwenye miguu yake, akapita kwa mama mkwe wake, akaeleza mtumbwi ule ulichongwa na mtu wa aina gani na kwa shoka la aina gani. Akapumzika, akaswali adhuhuri, akaendelea pale alipoachia.

Jua lilipoanza kupinda yule bwana akainuka polepole, akavuka kuja kwetu. Mtu wa makamo, anatabasamu meno yote.

"Kumbe ulikuwa macho!" Hawa akafoka.

"Tangu mlipoita mara ya kwanza."

"Na hukuja?"

"Ningekuja ungenyamaza," akasema. "Dada yangu, tangu vita watu wanaovuka hapa wananung'unika au wanalia. Sijasikia mtu akitukana kwa afya namna hii. Nilitaka ufike mwisho."

Hawa akaifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akawa wa kwanza kuingia mtumbwini. Yule bwana akatuvusha, akatuchomea samaki, tukala hadi mifupa ikawa myeupe. Alikataa kupokea chochote. Alisema tukirudi tumletee matusi mapya.

Mlimani

Kutoka mtoni njia inapanda, na ikishaanza kupanda haina huruma. Baridi ikatuingia. Milima ya Umatengo imesimama wima, na juu yake yote wamelima. Wamechimba mashimo kwenye miteremko, safu kwa safu, mvua ikija maji yanatulia mashimoni na udongo hauondoki. Mzee Luambano alisimama akatazama kwa muda mrefu.

"Zamani tulipokuja," akasema, "tulichukua ng'ombe. Haya mashimo hatukuyatazama."

Tulifika kijijini jioni, wakati wao wanakusanyika kula. Kwa Wamatengo ukoo mzima unakula pamoja kwa mkubwa wao. Kila mke analeta alichopika, vyungu vinapangwa, mtoto wa huyu anakula cha yule. Nilipoona vile vyungu vimepangwa niliwakumbuka watoto wangu kule Msamala.

Mkubwa wa pale siku zile alikuwa mwanamke, Mama Hyera, mfupi, mnene, anavuta ugoro, sauti yake inasikika mlima wa pili. Alitusimamia mikono kiunoni.

"Ehee! Wangoni! Leo mmekuja kututeka na matenga matupu? Mikuki mmesahau, au mmeila kwa njaa?"

Watu wakaangua kicheko, wakasubiri jibu. Nikapiga magoti. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo mama. Tunawaheshimu sana. Tumekuja mbele yenu wenye shida, tunaomba msaada wenu kwa unyenyekevu."

Kicheko kikakatika. Mama Hyera akatazama wenzake.

"Kwenu kuna msiba?"

"Hapana, mama."

"Basi huyu mzee mrefu ndiye mgonjwa? Anaonekana kama mwiko uliosahauliwa mvuani."

Mzee Luambano akameza mate, akasema, "Ahsante, mama."

Ahsante! Wale watu wakageukia vyungu vyao. Tukapewa ugali wa ulezi na maharage, tukashiba kwa mara ya kwanza tangu sikumbuki lini. Mama Hyera akajaribu tena. Akasema Mngoni akila huwa anatazama nyuma kama kuna ng'ombe wa kuiba. Nikamwambia tunashukuru kwa chakula. Akajaribu mara ya tatu, akachukua kipande cha ugali mkononi mwangu akala yeye. Nikamwambia karibu.

Akasimama. Uso umebadilika, si hasira, ni kama mtu aliyegongwa. "Wamekuja kwetu kama kwa watu baki," akawaambia wenzake. "Tumewakosea nini?" Akaondoka. Kuhusu mbegu hakuna aliyesema neno, na sisi hatukuthubutu kuzitaja. Tukaonyeshwa pa kulala.

Nilijilaza nikiwa nimevunjika. Nilijiambia, Sikitu, umekuja mpaka huku, umepiga magoti mpaka yamechubuka, na umeshindwa. Watoto watagawanywa. Hawa alikuwa bado nje karibu na moto anaongea na Mama Hyera, nikasikia jina langu likitajwatajwa, nikadhani wananisengenya, nikajifunika.

Matanga

Nikaamka kwa kilio. Kilio hasa, cha msiba, wanawake wengi. Nikapapasa kaniki yangu nijifunge nitoke, haipo. Nikajifunga ngozi niliyolalia, nikatoka.

Uwanjani kulikuwa na mkeka, juu yake kitu kirefu kimefunikwa kaniki yangu. Wanawake wamejipaka majivu. Mama Hyera amekaa chini anajipigapiga mapaja, na Hawa, maskini, katikati yao, machozi yanamtoka kwelikweli.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Masikini, kafa nani?" Hawa akauliza, kumbe hajui anamlilia nani.

"Sikitu," Mama Hyera akalia. "Sikitu wa Msamala katutoka!"

"Sikitu!" Hawa akapiga ukelele, akashika kichwa. Kisha akaniona nimesimama mlangoni na ngozi yangu. Akanitazama, akautazama mkeka, akanitazama. "Sikitu yupi? Si huyu hapa?"

"Huyo si yeye," Mama Hyera akasema. "Huyo ni mzimu umevaa sura yake. Sikitu mtani wetu, Mngoni mwenyewe, hawezi kuja kwangu akaniambia *tunashukuru kwa chakula*. Angenitukana nikakosa usingizi. Kwa hiyo amekufa. Njoo, mzimu, kaa, usikie tunavyomzika mwenzako."

Wakanikalisha. Akainuka mwanamke mmoja, akajinyoosha, akatembea kama mimi, kichwa mbele na kisigino kinachoburuta. Akapiga magoti mbele ya mbuzi. "Shikamoo bwana mbuzi. Nimekuja kwa unyenyekevu." Mbuzi akaanza kumla kilemba. Nikajing'ata mdomo.

Halafu Mama Hyera akasimama kusema habari za marehemu, kama inavyosemwa msibani, na sauti yake ikashuka.

"Marehemu alikuwa mbishi. Vita vilipokwisha watu walifunga milango, yeye wa kwake ukamshinda kufunga, kwa ubishi. Marehemu alikuwa mchoyo. Mzizi wa mwisho aliunyima tumbo lake akawapa watoto wa watu. Marehemu alikuwa hana akili. Wenye akili waliondoka, yeye akabaki anakoroga chungu cha majani. Mapacha waliletwa kwake hawawezi kusimama, leo wanakimbia na kuiba. Hata wizi amewafundisha yeye. Ni Mngoni, angewafundisha nini kingine?"

Hayo yote Hawa ndiye aliyemsimulia jana yake pale motoni. Na mimi nikakaa kwenye vumbi nimevaa ngozi, nikisikiliza. Wenzangu, tangu nianze lile jiko hakuna aliyewahi kuniambia nimefanya kitu. Niliambiwa kilichopungua, aliyelala njaa, nani kasema nini. Sasa watu wa mlimani, wamejipaka majivu, wananililia kwa matusi, na kila tusi nililiona ni kweli. Machozi yakanitoka. Nyuma ya machozi kikaja kicheko, nikajaribu kukizuia kikatokea puani.

"Na amekufa kwa nini?" Mama Hyera akauliza watu.

"Kwa adabu!" wakaitikia.

Hapo nikashindwa. Nikasimama. "Nyamazeni, nyie panya wa mlimani! Mnanizika mimi? Hayo mashimo mnayojivunia mliyachimba ya kujifichia, mlipotusikia tu tunapiga chafya kule Songea! Kama si sisi kuwakimbiza mpaka leo mngelima tambarare kama watu! Shukrani ziko wapi? Mbegu hizo ni zetu, sisi ndio tuliowafundisha kulima!"

Mlio uliotoka pale ulitikisa milima. "Amefufuka! Amefufuka!" Walinibeba juu. Kile kilichokuwa mkekani kikafunuliwa, ni shina la mgomba, na nikavishwa kaniki yangu. Hawa alicheka mpaka akakaa chini, anashika mbavu, anasema hajawahi kuona dini ya namna hii.

Kisha wakamgeukia Mzee Luambano aliyekuwa amesimama mbali. "Na huyu? Babu yake huyu aliwaswaga babu zetu. Leo tumeteka Mngoni!" Wakampa jembe, wakamwambia kwa kuwa maiti amekimbia, kaburi atalichimba hata hivyo, ila achimbe shambani. Nilidhani atakasirika. Akawatazama wale wanawake wafupi waliomzunguka, akalipima jembe mkononi. "Mmechagua mtumwa mzee," akasema. "Nitakula zaidi ya nitakavyolima." Wakashangilia.

Alilima mashimo yao mpaka jioni, akifokewa na kila mtu kwamba mashimo yake yamepinda. Alirudi amejaa udongo, akakaa katikati ya wanaume wa pale, akala nao chungu kimoja, akanywa pombe yao ya ugimbi, akaimba. Mzee Luambano! Aliimba mpaka wenyewe wakamwomba anyamaze.

Na ghala likafunguliwa. Mahindi, maharage, ulezi. Mama Hyera alijaza matenga yetu kwa mikono yake, akikandamiza, huku akisema hatupi kitu, tunamwibia, na kwamba atawaambia wajukuu jinsi Wangoni walivyomvamia tena.

Kurudi na mvua mgongoni

Mama Hyera na wanawake wenzake kadhaa walikuja nasi, kila mmoja na tenga lake. Alisema mtani akishaanza mazishi hayaachi katikati.

Tulikimbizana na mawingu njia nzima. Mtoni tulikuta maji yamepanda, ya rangi ya udongo, mvua imenyesha huko juu tulikotoka. Yule mvushaji akatikisa kichwa. Nikawaza mbegu zikilowa zitachipua ndani ya matenga na kazi yote imekwisha. Nilianza kumbembeleza, nikasikia Mama Hyera anakohoa nyuma yangu. Nikaacha. Nikamwambia yule bwana kwamba nimeleta wanawake wa Kimatengo walio na matusi ya mlimani, hajawahi kuyasikia, na watayatoa katikati ya mto tu, si ukingoni.

Akakuna kichwa. "Katikati?"

"Katikati."

Alituvusha kidogo kidogo, matenga vichwani, maji yanapiga mbavu za mtumbwi. Hawa na Mama Hyera walishindana kila mtumbwi ulipovuka, na yule bwana alipiga kasia huku machozi ya kicheko yanamtoka. Hakuna punje iliyolowa.

Tulipoingia Msamala watoto walikuja mbio. Mapacha ndio walionifikia kwanza. Sikulala wala sikukaa. Tuliingia shambani siku ileile, na majirani wakaja kutazama kelele ni za nini. Wale waliokuwa wametuacha nao wakaja. Mmoja wao, yule aliyesema nakula chakula cha yatima, alisimama ukingoni na jembe anaogopa kuingia. Mama Hyera akamwita: "Wewe! Unamwogopa Sikitu? Sikitu tulishamzika, huyu ni mzimu tu, njoo ulime." Akaingia. Sikumwuliza kitu.

Jumbe alikuja siku mvua ya kwanza iliponyesha. Alitembea kati ya matuta, akafukua hapa, akaona punje, akafukua pale, akaona punje. Akauliza kiongozi wa jiko hili ni nani, kama vile alikuwa hanijui. Hawa alinitazama. Lile neno la kuacha tulikuwa hatujalizungumza tena tangu tuondoke.

"Ni mimi," nikasema. "Na hutamchukua hata mmoja."

Akaondoka, akivikwepesha viatu vyake na udongo.

Watani wetu walikaa mpaka mahindi yalipotoa vichwa juu ya udongo, kisha wakaaga. Niliwasindikiza mpaka njia inapoanza kuteremka. Nilitaka kusema kitu kizuri, nikajizuia, nikamwambia Mama Hyera apunguze kula, mlima utamshinda.

Aligeuka akatazama shamba letu, jembamba, lenye mimea midogo ambayo mbuzi mmoja angeimaliza kwa asubuhi moja. Akanionyesha kwa kidole.

"Mavuno yakifika nakuja na watu wangu," akasema. "Nitabeba. Mahindi nitabeba, maharage nitabeba, na kuku wako nitawabeba. Usije ukalia."

"Sina kuku," nikamwambia.

"Utakuwa nao."

Akashika njia yake. Mimi nikabaki pale nimesimama, nalia kwa furaha mbele za watu. Tangu vita viishe, ni yeye wa kwanza kuniambia kwamba nitakuwa na kitu cha kuibiwa.